Tunatamani Maji ya Saa Nne

RISALA YA WANAWAKE WACHAMBUAJI WA MAHARAGE KWA MAMA MKURUGENZI

Mgeni rasmi, ndugu meneja wa ghala, msimamizi wetu wa zamu, na wenzangu wote,

Karibu

Mama, karibu ghalani. Vumbi limepungua leo kwa sababu tumelimwagia maji tangu alfajiri kwa heshima yako. Sisi ni sitini na mmoja, lakini hapa tumesimama sitini. Mwenzetu tunayemwita Mama Pacha amelazwa, hii ni wiki ya pili, na risala hii tumeiandika tukimuwaza yeye. Mimi ninayesoma nimechaguliwa kwa kuwa eti sina aibu. Basi mniwie radhi mapema.

Tulikotoka

Tulianza kumi na wawili chini ya turubai, na haja zetu kichakani. Ulipotujengea choo cha matofali tulipiga vigelegele hadi sauti zikakauka. Kisha wapita njia wakawa wanakichafua, kikatiwa kufuli. Ufunguo anao msimamizi, kijana wa umri wa kuwa mkwe wetu. Ukimwomba, anakuuliza mbele ya wapakiaji: "Tena?"

Mafanikio

Mwaka huu halijarudishwa gunia letu hata moja. Mafanikio mengine hatukuyapanga: tumejua kukaa mbele ya ungo asubuhi hadi jioni bila kuinuka. Maji tunakunywa funda moja tu, la kulowesha koo. Anayezidisha tunamtania kwamba leo amekuwa waziri, safari haziishi.

Changamoto

Mgeni rasmi, tunaumwa. Humu ndani sijui UTI imemwacha nani. Mkojo unachoma kama pilipili, kiuno kinakatika, na bado tunapiga soga ili siku iishe. Akiandikiwa dawa mmoja, tulikuwa tunagawana wanne, tukidhani huo ndio upendo. Wengine tulijisafisha kwa dawa ya kuondolea madoa ya nguo. Nesi wa zahanati aliposikia hayo alishika kichwa. Akatufundisha: tunywe maji mengi, tusibane mkojo, tujipanguse kutoka mbele kwenda nyuma, tujioshe kwa maji matupu, tukojoe baada ya kulala na waume zetu, dawa tumeze zote bila kumgawia hata dada wa tumbo moja, na homa au maumivu ya ubavuni yakianza tuende zahanati siku hiyohiyo. Ya nyumbani tumeyashika, hata yale ya kuona haya. Yametushinda mawili ya mwanzo, kwa sababu yanahitaji ufunguo.

Mama Pacha alibana mpaka ugonjwa ukapanda kwenye figo. Alianguka juu ya ungo wake, na palepale chini akamwomba msimamizi radhi kwa kumwaga maharage. Hilo linatuuma hadi leo.

Maombi

Hatuna orodha ndefu. Tunaomba ufunguo utundikwe kwenye msumari karibu yetu, na usafi wa choo tutaufanya wenyewe kwa zamu. Tunaomba na pipa la maji safi. Tunatamani, mama, tunatamani sana kunywa maji saa nne ya asubuhi, glasi nzima, tushibe, kisha mtu ainuke aende zake bila kuulizwa. Mwenzetu mmoja anasema maji hayo huwa anayaota.

La mwisho ni la Mama Pacha. Daktari amesema anaweza kurudi kazini Jumatatu, kwa sharti anywe maji kutwa na asibane tena. Asipofika siku hiyo, kwa kanuni za ghala nafasi yake anapewa mwingine. Jana tulipokwenda kumwona alinishika mkono akasema: "Mwambieni mama, nikija nitakunywa maji. Nataka kujua kama nije."

Tumemwahidi kwamba leo jioni, saa ya kuona wagonjwa, tutampelekea jibu lako.

Mungu akutunze wewe na mabinti zako, awape afya na kazi isiyowaumiza.

Ni sisi, wanawake wachambuaji wa ghala la maharage, sitini na mmoja.