Edinah Kemuma, Mlinzi wa Got Manyuru

Padri, chifu wetu, jamaa na majirani mliofika hapa Magunga, mimi ni Jerusha, kifungua mimba wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, ingawa wengi wenu mliyaona kwa macho yenu na wengine mlikwaruzana naye.

Marehemu Edinah Kemuma alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 mjini Migori, akiwa mtoto wa tatu wa wazazi waliotoka Kisii kuuza nafaka, akasoma shule ya msingi hapo hapo mjini, kisha akajiunga na shule ya wasichana ya Asumbi, alikomaliza kidato cha nne mwaka wa 1979, na ni huko masista walikomfundisha kushona, kazi iliyomlisha maisha yake yote. Tarehe 8 Desemba 1984 alifunga ndoa na baba yetu, mwalimu Ratemo, aliyekuwa amehamishiwa huku Suba, akaweka cherehani yake sokoni, wakajaliwa watoto watatu, mimi, Lynnet na Levis, kabla baba hajatutoka mwaka wa 2009.

Mwaka wa 2003 chemchemi iliyo chini ya msitu wa kilima cha Got Manyuru ilikauka, ndipo mama akajiunga na kikundi cha kujitolea kuilinda hifadhi ile, wakapanda siala na miti mingine ya kienyeji juu ya chemchemi, na ufadhili ulipoisha na posho ikakoma, wenzake waliacha mmoja mmoja, yeye akabaki. Kwa zaidi ya miaka ishirini alifunga kibanda chake kila Jumatatu na Alhamisi, akavaa koti la kijani alilojishonea, akapanda kilimani kuzunguka mpaka, kuzima moto, kufukuza ng'ombe na kunyang'anya watu shoka. Hakulipwa na mtu. Maji yalirudi mwaka wa 2008, nanyi mnayanywa.

Nasema ukweli kwa sababu mwenyewe hakupenda sifa za uongo: mama hakupendwa sana. Walimwita askari wa miti, wakamuuliza sokoni, "Mama, kwani hii msitu ni ya babako?", naye akajibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Ni ya mjukuu wako. Yeye akikuja akisema tukate, tutakata." Mwaka wa 2016 kibanda chake kilichomwa usiku pamoja na nguo za wateja, na mpaka leo hakuna aliyeulizwa.

Kitu kimoja ambacho hakuwahi kukataza ni kuni za matanga. Mnajua desturi yetu, mtu akifa majirani ndio huleta kuni, wala hakuna anayeuliza zimetoka wapi, kwa hiyo kila palipotokea msiba mama alitangulia kilimani akawaonyesha vijana miti iliyojikaukia, akiitia alama ya chokaa, hata kwa msiba wa watu waliomtukana.

Alhamisi tarehe 17 Oktoba 2024, akiwa katika mzunguko wake, alikanyaga tanuri la makaa lililofichwa chini ya majani na udongo, udongo ukatitia, akaungua miguu yote miwili hadi magotini, akajikokota mpaka barabarani alikookotwa na wapita njia. Alilazwa Homa Bay, kisukari kikazuia vidonda kupona, mwezi wa Desemba akakatwa mguu wa kulia, na alfajiri ya Jumapili tarehe 9 Februari 2025 akakata roho, Levis akiwa amemshika mkono. Mwenye tanuri lile hajajulikana, na pengine ameketi nasi hapa. Nina uchungu, na sitauficha.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, washonaji wenzake waliomshonea nguo ya kuzikiwa, na majirani mlioleta kuni. Hizo kuni sina budi kuzitaja. Jumatano vijana wetu walipanda kilimani na hapakuwa na mtu wa kuwaonyesha miti mikavu, nao kwa kumheshimu wakasema mama kama huyu hawezi kupikiwa kwa vijiti, wakachagua miti mizuri kuliko yote, zile siala za juu ya chemchemi, alizozipanda kwa mikono yake. Walifanya kwa upendo, maana nilimwona jirani yetu Robi akilia huku anapasua. Moshi mnaouona nyuma ya nyumba ndio hizo siala, na chakula chake tumekula sote tukashiba. Siwezi kuwalaumu, na siwezi kusema si kitu.

Koti lake la kijani hatutalizika. Limetundikwa pale kwenye cherehani, na Jumatatu linahitaji mtu.

Mama aliomba alazwe mahali ambapo kilima kinaonekana chote, nasi tukachimba hapo tangu Jumanne, kabla hatujajua kwamba kutoka hapo pengo nalo litaonekana. Pumzika, mama, na amani uipate, ila kwa leo usitazame kilimani.