Kitenge Ndani ya Maji

Wapendwa, nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu miwili, na hilo peke yake latosha kuwa neno la shukrani. Ila sitawadanganya kwamba nimepona kila kitu.

Mwaka ule mitaa yetu ya magharibi mwa mji huu wa ugenini ilipofungwa, korona ilinikuta kazini, katika nyumba ya wazee ninakofanya uuguzi. Homa iliondoka, nguvu za miguu hazikurudi. Kutoka kitandani hadi jikoni nilishika ukuta. Daktari alinieleza waziwazi kwamba nisipofanya mazoezi ndani ya maji, huenda nisitembee sawasawa tena. Nikamjibu kwamba nitafikiri. Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nimekwisha kukataa.

Wengi wenu mlivuka Ziwa Tanganyika mkikimbia vita, kama mimi. Nilikuwa mtoto. Mtumbwi ulipopinduka, nilikuwa nimeshika pindo la kitenge cha mama. Waliponiopoa, kitenge kilikuwa mkononi mwangu. Mama hakuwemo. Tangu hapo sikuingia maji yanayopita magoti.

Nikiwa kitandani nilisoma habari za mwanamke wa mji huu huu, aliyeishi zaidi ya karne moja iliyopita. Utotoni miguu yake ilikuwa dhaifu, ikafungwa vyuma. Kuogelea ndiko kulikoitia nguvu. Akawa mwogeleaji wa masafa marefu, wakati wanawake wenzake wakiingia baharini na sketi. Mara tatu alijaribu kuvuka bahari iliyo kati ya Uingereza na Ufaransa, na mara zote tatu akatoka majini kabla ya kufika. Hapo nilirudia kusoma mpaka binti yangu akaniuliza, kwa Kiingereza chake, mbona nalia. Kwetu sisi, asiyevuka amekufa. Yeye hakuvuka, akaishi, akaogelea tena.

Mabwawa ya kuogelea yalipofunguliwa tena, dada mmoja Mkenya, muuguzi mwenzangu, alinipeleka. Niliteremka ngazi nikiwa nimejifunga kitenge juu ya vazi la kuogelea, kwa heshima. Kikalowa, kikanizonga miguu, kikaanza kunivuta.

"Dada, tumekuja kuogelea au kufua?" akanitania.

Sikucheka. Nikamsimulia habari ya mama humo humo majini, jambo ambalo hata binti yangu alikuwa halijui.

"Kitenge nipe mimi," akasema. "Wewe nishike mkono."

Vidole vilikataa kwanza. Kisha nikafungua fundo.

Leo natembea, na kazini nimerudi. Lakini kila masikio yangu yanapozama, namsikia mama akiniita. Sijui kama sauti hiyo itakoma. Sijaomba ikome.

Namshukuru dada yule, pamoja nanyi mlioweka chakula mlangoni pangu, mkarudi nyuma hadi barabarani ili tusalimiane kwa mbali. Na kama yupo hapa mtu aliyetolewa majini kabla ya kufika ng'ambo, namsihi: usijihesabu pamoja na waliozama. Hao tuwalilie. Wewe jifute maji, uishi.