Mwenye Kuangusha Aokote

Bapendwa, ninawasalimu wote, bamama mliokaa upande huu na bababa upande ule. Mchungaji amenipa nafasi fupi, na mdomo wangu si mfupi, kwa hiyo mnivumilie. Wengi hapa Baraka mnanijua kama yule binti wa échecs, ule mchezo wa ubao wenye vyumba vyeusi na vyeupe ambao vitabu vinauita sataranji. Wengine mnanijua kwa jina lingine, na wale wanaocheka sasa hivi ninawaona. Nitafika hapo.

Mimi nimelelewa na nyanya yangu, ambaye nyumbani tunamwita Koko. Mama yangu alienda Misisi kuuza chakula kwenye machimbo, akaugua huko, hakurudi. Koko akanichukua nikiwa mdogo, akanilea kwa ndagala, dagaa wa ziwani, na kwa sheria. Sheria yake ya kwanza mnaijua, maana hata ninyi mmelelewa nayo: kitu cha mkubwa hakilali chini. Kikimwanguka mzee mkononi, mtoto anainuka kabla hajaombwa, anaokota, anapiga goti kidogo, anarudisha kwa mikono miwili. Koko alinifundisha hivyo kwa mdomo, na siku nyingine kwa mwiko. Nikazoea mpaka mikono yangu ilikuwa inaenda yenyewe, kichwa kinafuata nyuma.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita kulikuwa na mashindano ya échecs kule juu, Fizi-Centre, ndani ya darasa la shule. Mshindi angeenda Bukavu kuchezea teritware yetu, yaani wilaya yetu. Mimi mbali kabisa nilikokuwa nimefika ni Lweba, hapa jirani. Nilitaka Bukavu kama mgonjwa anavyotaka maji, ninawaambia ukweli. Nilikuwa msichana peke yangu kati ya wanaume, na asubuhi ile mmoja aliniuliza kama nimekuja kupika. Nikampiga kwenye duru ya kwanza. Wa pili nikampiga. Wa tatu alikataa kunipa mkono baada ya kushindwa, nikaenda kunywa maji.

Fainali nikakutana na mzee mmoja wa bureau, wa ofisini, mtu wa kalamu mbili mfukoni. Jina lake silitaji, na ninyi mnaomjua msilitaje. Mchezo ulikuwa wangu. Hatua tatu tu, mfalme wake hana pa kwenda. Na yeye alikuwa ameona. Akajinyoosha kama mtu mwenye usingizi, na mkono wa koti lake ukafagia farasi wake mwenyewe kutoka ubaoni mpaka chini, karibu na mguu wangu.

Ndugu zangu, mnajua nilifanya nini. Nikainuka, nikaokota, nikapiga goti, nikamrudishia kwa mikono miwili.

Akacheka. Akamwita msimamizi wa mashindano. Katika échecs kuna sheria: ukigusa kipande cha mwenzako, na unaweza kukila, ni lazima ukile. Na cha kumla farasi yule kilikuwa kimoja tu, malkia wangu, na nyuma ya farasi kuna askari anayemngoja malkia amkate.

"Amegusa cavalier yangu," mzee akasema. "Aikule."

Nikasema, "Papa, ilianguka. Nilikuwa nakupatia tu."

"Hapa si kwa jiko ya koko yako."

Msimamizi, ambaye walikuja naye kwenye moto moja, yaani pikipiki, akaniuliza, "We mutoto, uligusa ao hukugusa?"

"Niligusa."

"Basi cheza."

Nikacheza. Malkia akaondoka, na baada yake vingine vyote. Darasa zima lilicheka, hata wale niliowapiga, hao ndio walicheka zaidi. Mzee akaenda Bukavu. Huko walimpiga siku ya kwanza, lakini hiyo haikunisaidia kitu.

Habari ilifika Baraka kabla yangu. Nikapewa jina: Okota. Nikipita sokoni, kijana anaangusha nyanya moja mbele yangu, "Okota." Vijana wa moto wanaangusha ufunguo. Hata hapa kanisani, siku moja kwaya ikiingia, mtu aliangusha kitabu cha nyimbo miguuni pangu, na benchi nzima ikaziba midomo. Mlikuwa mnacheza tu, ninajua. Mimi nilikuwa ninakufa.

Basi nikafanya moyo wangu jiwe. Nikasema, sitaokotea mtu tena kitu duniani. Nikaacha kupiga goti. Mzee akinisalimia ninajibu nikiwa nimekaa. Bamama wakaanza kusema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na mimi nikajibu moyoni kwamba ulimwengu umeshanifunza, wakae kimya. Koko alikuwa ananiangalia tu. Mara mbili alinisemesha, mara mbili nikatoka nje.

Sasa ninafika mahali ambapo hakuna mtu hapa anapajua, isipokuwa watu wawili.

Ilikuwa asubuhi, mvua imetoka kuacha, uwanja wa nyumba umelowa. Koko alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua ndagala. Akataka kuinuka, na fimbo yake ikateleza, ikalala chini kwenye matope. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti, hatua mbili.

"Mutoto, uniletee ile fimbo," akasema.

Nikamjibu, "Mwenye aliangusha aokote."

Aliniangalia. Kisha akainama mwenyewe, mkono mmoja kwenye kigoda. Kigoda kikahama. Nilisikia mfupa, bapendwa. Sikuuona, niliusikia.

Nyonga ilivunjika. Alilala hospitali miezi, na tangu siku ile hajatembea. Watu walipokuja kumwona wakauliza ilikuwaje, akawaambia, "Niliteleza." Hakuongeza neno. Na mimi nikakaa pembeni ya kitanda nikitikisa kichwa, kama vile nami nimehuzunishwa na matope.

Ninyi mkanisifu. Mnakumbuka? Mlisimama hapa mkasema tazameni huyu binti, anamwogesha nyanya yake, anambeba mgongoni, Mungu atambariki. Mlikuwa hamjui kwamba chakula changu Koko hakipokei. Nikimpa sahani anaangalia ukuta. Ninaiweka, ninatoka, ndipo mama yangu mdogo anaingia na kumpa. Kumbeba alikuwa anakubali kwa sababu hana la kufanya. Lakini kitu chochote kilichotoka mikononi mwangu, hapana. Mwaka wa kwanza hivyo, wa pili hivyo.

Kulikuwa na mwalimu mmoja kijana aliyekuwa darasani siku ile ya Fizi. Aliona haya kwa kunyamaza. Akatafuta kitabu cha sheria za échecs, akanakili ukurasa mmoja kwa mkono, akaniletea nyumbani. Ilikuwa imeandikwa wazi: mchezaji akiangusha kipande, yeye mwenyewe atakisimamisha tena, na wakati unahesabiwa kwake. Yaani nilikuwa na haki. Mwenye kuangusha ndiye aokote, sheria ndiyo inasema. Nilisoma karatasi ile nikalia mpaka mwalimu akatafuta kofia yake aondoke. Alifikiri ninalia kwa furaha. Maneno yale yale nilikuwa nimemwambia Koko.

Mwalimu akanirudisha kwenye mchezo. Nikajifunza kusimamia, na mwaka huu kwenye mashindano ya vijana na wakubwa hapa Baraka wakanikalisha kama msimamizi. Yule mzee akaja. Akapangiwa mtoto wa Lweba, mwembamba, mwenye adabu, miaka kumi na tatu. Mtoto akaanza kumzidi. Nikaona mzee anajinyoosha. Koti likafagia, farasi akaenda chini, na mtoto tayari anainuka kwenye kiti.

Nikaweka mkono wangu mbele ya kifua chake. "Kaa, mwana. Papa, ni weye uliangusha. Okota. Na saa yako inatembea."

Aliniangalia, akanitambua. Akainama, tumbo linamzuia, akatafuta chini ya meza akiwa amepiga magoti, akaokota. Watu wakapiga makofi. Ndugu zangu, sitawadanganya ndani ya nyumba ya Mungu: ilikuwa tamu. Ilikuwa tamu kuliko sukari.

Nikakimbia mpaka nyumbani. Nikamwambia Koko yote, hata tumbo lile nililiigiza. Miaka miwili nilikuwa sijamsimulia kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Ule papa aliinama, akaokota, akasimama. Mi niliinama, na mupaka leo sijasimama."

Nikaanguka pale pale kwa magoti. Nikaomba msamaha. Akaniacha nilie. Halafu akasema tena, "Batu banakuya, bananiuliza namna gani niliteleza. Nimechoka kubadanganya juu yako. Siku utasema we mwenyewe mbele ya batu, nitapokea kitu mu mikono yako. Kabla ya ile siku, hapana."

Hiyo ndiyo sababu nimesimama hapa. Sikuja kuwaambia jinsi nilivyomshinda mzee wa watu.

Namshukuru yule mwalimu, aliyechelewa lakini akaja. Namshukuru kijana wa moto aliyembeba Koko mpaka hospitali, na wauguzi waliomgeuza kitandani nilipokuwa ninaona haya kumgusa. Namshukuru mama yangu mdogo, aliyekuwa anapokea sahani mlangoni bila kuniuliza, ingawa alijua. Na Mungu, aliyeniacha nipate nilichokitaka ili nione kilivyo.

Fundisho nililo nalo ni hili, wala si kubwa. Aliyenidhulumu alikaa mbali na mimi, ana bureau, ana marafiki, sikumfikia. Koko alikuwa hatua mbili. Basi nikamlipiza yeye. Ukidhulumiwa, ndugu yangu, kabla hujasema umekuwa jasiri, angalia ni nani amekaa karibu nawe. Ninyi mlioniita Okota, nimewasamehe, na mnisamehe kwa sifa zenu nilizokula bure.

Koko yuko pale karibu na mlango, kwa sababu kiti chake cha magurudumu hakipiti kati ya mabenchi. Yeye na mama mdogo ndio wale watu wawili niliowataja. Nimekuja na kikombe cha uji wake. Ninaomba mnipishe njia, na msiimbe kwanza. Akipokea, mtaona wenyewe. Asipopokea, ni haki yake, mimi kesho asubuhi nitapika mwingine.