Injinia Anakwenda Mtoni Bila Msiba

Benchi letu liko nje ya senta ya maduka ya Fittja, huku kwa Waswidi, mahali ambapo upepo wa Aprili hupita kwanza kabla ya kwenda kwa watu wengine. Wenye akili hunywa kahawa ndani. Sisi tunaketi nje kila Jumamosi, kwa sababu ndani wametuomba mara kadhaa tupunguze sauti. Kahawa huja na Ratiba, ambaye ni Wanjohi wa Nyeri, dereva wa basi mstaafu. Basi likipita hadi leo hutazama saa yake na kulitukana. Wa pili ni Avoka, yaani wakili kwa Kifaransa chao, naye ni Hervé wa Bukavu. Sheria hakuisoma, ila hajawahi kushindwa kesi kwa sababu hanyamazi. Wa tatu ni Damian wa Bukoba, Injinia, aliyeletwa huku na masomo enzi hizo na kustaafu majuzi. Kama zawadi, watoto wake Filip na Emilia wamewalipia yeye na mkewe Adelina safari ya meli katika mto Rhine: wiki nzima, kutoka Basel mpaka Köln, kulala, kula, kutazama mashamba ya mizabibu na miji ya kale. Wanaondoka kesho. Injinia alikuwa na sura ya mtu aliyeitwa polisi.

INJINIA: Nimemuuliza Emilia, huko tunakwenda kufanya nini? Akanijibu Kiswidi chake, "Ingenting, pappa." Hakuna! Mtoto nimemsomesha mwenyewe, leo ananipeleka mbali nikafanye hakuna.

RATIBA: Wacha kwanza. Nauliza tena kama Jumamosi iliyopita, huko ni nani amefariki?

INJINIA: Hakuna.

RATIBA: Harusi basi?

INJINIA: Hakuna harusi.

RATIBA: Hata mgonjwa? Hata wa mguu tu?

INJINIA: Wote wazima, na humo melini simjui hata mmoja.

AVOKA: Bon. Basi hiyo haiko safari. Hiyo ni kupotea.

Tulikubaliana naye mara moja. Katika benchi zima, tangu tuhamie huku, hakuna aliyewahi kupanda ndege ambayo mwisho wake haukuwa na jeneza au bibi harusi.

RATIBA: Na hiyo meli, ati inaenda mwendo gani?

INJINIA: Polepole. Wameandika kwa fahari kabisa, polepole.

RATIBA: Mimi nimeendesha basi maisha yangu yote. Chombo kikienda polepole na hakuna foleni, dereva ako na jambo. Mtasimamishwa kila shamba la mizabibu, onja mvinyo huu, onja ule. Siku ya tatu wazee wote wamelegea, wanaanza kusema wamezificha wapi hati za mashamba. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Sasa hao watu, hiyo mbivu wameshaikamua. Mvumilivu atakula nini?

MIMI: Methali hiyo haihusu mvinyo.

RATIBA: Wewe ulikuwepo wakiisema?

INJINIA: Mimi mvinyo nimezoea ule wa kanisani. Kidogo, tena kwa mkono wa padri.

AVOKA: Mvinyo si kitu. Mimi minaogopa zile ngome. Kila kilima iko na ngome, juu kabisa, inatazama mto. Juu ya nini? Barrière! Wakubwa wa zamani walikuwa wanafunga mto kwa mnyororo, kila chombo kilipe ndipo kipite. Kwetu vizuizi viko mpaka leo, na hakuna mtalii hata mmoja anakuja kuvipiga picha!

Hiyo ilikuwa hoja nzuri, kwa bahati mbaya. Avoka akionja hoja nzuri hataki kuishia hapo.

AVOKA: Na ile miji haiko ya kale. Wanaipaka rangi usiku, meli ikiwa karibu. Watu wa madirishani wanalipwa. Tena ni wale wale kila mji.

RATIBA: Hata yule mama wa kumwagilia maua?

AVOKA: Yeye zaidi! Anatangulia kwa treni.

INJINIA: Kwa hiyo nitamwona mara ngapi?

AVOKA: Wiki nzima. Mpaka mtasalimiana.

Injinia alikunywa kahawa yake kwa huzuni. Hapo akasema kwamba, kwa bahati, safari yenyewe sasa ilikuwa imepata maana, na akaelekeza kidole chini ya benchi. Tangu Avoka agundue wiki iliyopita kwamba meli itasimama Strasbourg, anakokaa dada yake Josiane, Injinia alianza kupata usingizi. Chini ya benchi kulikuwa na galoni la mawese la kumpelekea Josiane, lililofungwa mifuko juu ya mifuko. Kulikuwa na majani ya chai na suti vya kumpelekea mpwa wa Ratiba aliyeko Mainz, kituo kingine cha meli. Injinia naye alikuwa amemkumbuka mtu wa ukoo wao huko Koblenz, ambaye hajamwona tangu utotoni, akamfungashia senene, wale panzi wa kwao, wa kukaanga.

RATIBA: Sasa hiyo ndiyo safari. Mkono mtupu haulambwi.

MIMI: Na begi litatosha?

INJINIA: Langu limejaa. Nimepunguza la Adelina. Alikuwa ameweka kofia, ile ya ukingo mpana kama sinia. Nimeitoa. Mahali pa kofia moja panakaa galoni zima.

AVOKA: Kofia ya nini mtu mzima?

INJINIA: Hata mimi nilishangaa. Kila jioni anaijaribu mbele ya kioo, anaimba peke yake.

RATIBA: Huo ni uchovu. Atapumzika mkirudi.

Pembeni ya benchi alikuwa amesimama mtu mmoja mwenye mvi kidevuni, akingoja basi. Alijitambulisha kuwa ni Obedi, mtu wa Burundi, amehamia mtaa wa jirani, Vårby gård, mwezi huu. Ratiba alimmiminia kahawa kama mwenyeji mwema na kumweleza mambo yote tangu mwanzo: meli, minyororo, mama wa maua, galoni. Obedi alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

OBEDI: Asanteni, wazee wangu. Samahani, niulize kitu kimoja. Mama mwenyewe, yeye anatamani kuona nini huko?

Basi likapita. Ratiba hakutazama saa.

AVOKA: Bon...

Akafunga mdomo. Nimemjua miaka mingi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

RATIBA: Wahenga walisema...

Tukamngoja. Wahenga hawakuwa wamesema kitu.

INJINIA: Amewatunza wazee wa watu huko kazini mpaka mgongo umepinda. Amelala viti vya uwanja wa ndege akienda kumzika mama yake, akaenda kumzika baba yangu. Amekubali hii safari siku ile ile. Mimi nilidhani anawaridhisha watoto.

OBEDI: Hakukwambia?

INJINIA: Sikumuuliza.

Nilimwonea huruma, na nilijionea aibu pia, maana na mimi ninaye mke na sijawahi kumuuliza. Ratiba aliinamisha chupa ya kahawa juu ya vikombe. Yalitoka matone mawili, machicha yakafuata. Injinia alitoa simu. Masikio yake si mazuri siku hizi, kwa hiyo aliiweka sauti ya kusikika kwa wote. Iliita kidogo tu.

INJINIA: Mama Filip.

— Abee.

INJINIA: Nipo hapa benchini. Nilitaka kukuuliza tu. Huko mtoni tunakokwenda... wewe, moyo wako, ungependa kuona nini?

Tulisikia maji ya bomba yakifungwa. Tulisikia kiti kikivutwa. Kisha sauti yake ikaja, ya chini, ya mtu aliyekwisha kujiandaa.

— Sawa, Baba Filip. Nimeketi. Niambie, nani amefariki?

Avoka aliinama taratibu, akalivuta galoni lake la mawese kutoka chini ya benchi, akalipakata kama mtu anayerudi nalo nyumbani.