Mwalimu Kahongya Malachie, Mtu Aliyekataa Glavu

Padri wetu, ndugu, majirani wa Kimemi hapa Butembo na wageni wetu mliotoka Beni, kabla ya tarehe na mahali, familia inakiri jambo ambalo wengi wenu mmeshalisikia. Tangu Jumanne ukoo huu umekuwa ukigombana juu ya jozi moja ya glavu nyeupe. Marehemu alisema asizikwe nazo. Kaka yake mkubwa, Zacharie, alisema atazikwa nazo. Tutafika huko. Bila kuyajua maisha yake, ugomvi huo unaonekana wa kipuuzi, na hata kwa sisi tunaoyajua ulituchosha mno.

Kahongya Malachie alizaliwa Lubero, Jumapili tarehe 14 Mei 1961, mtoto wa pili wa wakulima wa viazi. Mama yake alisimulia kwamba alipobebwa mgongoni alipiga kelele mpaka mikono yake itolewe nje ya kitenge. Mama hakujua kwamba angeendelea kulalamika hivyo hivyo kwa miaka sitini na mitatu.

Alisoma kwa mapadri hukohuko Lubero, akapata diploma ya taifa ya kumaliza sekondari mwaka 1980, kisha akasomea ualimu wa fizikia Bunia na kumaliza mwaka 1985. Ni katika maktaba ya mapadri alikokuta gazeti la Kifaransa lenye picha kubwa ya mwanaanga akielea na kutabasamu. Aliligeuza ukurasa kwa ukurasa. Mwishoni, kwa herufi ndogo, ilielezwa kwamba wanaanga huvaa nepi, kwamba wengi hutapika siku za kwanza, na kwamba wengine hung'oka kucha kwa sababu ya glavu ngumu za vazi lao. Alikasirika. Safari yenyewe hakuikasirikia. Aliikasirikia ile picha, na hasira hiyo hakuiacha tena.

Kuanzia Septemba 1985 hadi Julai 2023 alifundisha katika shule moja ya sekondari hapa Kimemi. Waliopita mikononi mwake wanalijua somo la Februari. Mwanafunzi aliyetamka kwamba wanaanga wanastarehe aliitwa mbele, akavalishwa makoti mawili ya mvua, kofia ya dereva wa pikipiki na jozi tatu za glavu, akasimamishwa juani na kuambiwa ahamishe maharage ishirini kutoka kwenye sahani hadi kwenye chupa. Kujikuna pua ilikuwa marufuku.

"Nusu saa tu na unalia!" alifoka akionyesha angani. "Bale ba kule yulu banafanyaka masaa saba! Pua ikibawasha banafanya nini? Hapana kitu! Kuko kioo!"

Halafu aliendelea: mgongo unarefuka na kuuma, uso unavimba, miguu inakonda, na machozi hayaanguki, yanabaki yamejikusanya jichoni. Mkuu wa masomo, Mukendi, aliyeletwa kutoka Kasai, aliwahi kumuuliza kama somo hilo limo kwenye programu ya serikali. "Kujikuna nayo haiko ku programme," alijibiwa, "lakini unajikunaka kila siku." Hata ndugu zake aliwalazimisha kufanya jaribio hilo. Zacharie peke yake alikataa, akasema yeye ni mfanyabiashara, hana wakati wa maharage.

Mwaka 2019, Ebola ilipokuwa Beni na Butembo, watu waliwaita wahudumu waliofunikwa mwili mzima "makosmonoti", yaani wanaanga, na kuwakimbia, wengine wakiwarushia mawe. Mwanafunzi wake wa zamani, muuguzi Kamate, alikubali kumvalisha nguo hizo kwenye mafunzo. Alikaa ndani dakika arobaini. Alitoka humo, jasho limejaa kwenye buti, miwani haionyeshi kitu, naye ana furaha ya kuudhi. "Miaka makumi tatu na ine nilisemaka!" alimwambia kila mtu. Kisha alizunguka mtaa kwa mtaa wiki sita nzima. "Munatupia nani mabwe? Mule ndani kuko mutoto wa mutu, anapikwa sawa ndizi!" Wapo walioyatupa mawe yao chini.

Alifunga ndoa na Emérence, mshonaji wa Mulekera, Beni, Jumamosi tarehe 6 Agosti 1988. Kwa amri ya Zacharie bwana arusi alivaa glavu nyeupe. Katikati ya kiapo pua ilianza kumuwasha, glavu laini haikuweza kuikuna, akakunja uso, akapoteza maneno, na kanisa zima likadhani amebadili nia. Emérence alimtazama, akavua glavu yake mwenyewe moja na kumkuna. Padri alingoja. Marehemu alisema daima kwamba ndoa yao ilianza hapo, kiapo kilikuwa cha kumalizia tu.

Tarehe 4 Juni 2024 alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa, wa kushoto ukawa dhaifu, haufiki usoni. "Sasa niko ndani ya ile nguo," alimwambia mkewe. Kwa miezi kumi na moja Emérence alimkuna, naye, lazima tuseme ukweli, hakuwa mgonjwa mpole. "Kushoto. Hapana, yulu. Hapana, ulishapita!" Emérence alitoka nje kupumua, akarudi, akaanza tena. Siku ya Pasaka mwaka huu, familia ikiwa imekusanyika, alitoa neno lake moja la mwisho la wosia: "Siku ya kunivalisha, ba gants hapana, glavu hapana. Nilishachoka." Alifariki nyumbani Jumatatu tarehe 12 Mei 2025, saa nne asubuhi, siku mbili kabla ya kutimiza miaka sitini na minne.

Jumanne Zacharie alifika na suti, viatu na glavu.

"Mutu mukubwa hawezi kuenda mikono butupu," alisema. "Batu batasema tulimutupa."

"Yaya, alisemaka," Emérence alimjibu kaka huyo mkubwa.

"Alikuwa mugonjwa!"

Siku tatu zikaenda hivyo. Binti wa marehemu, Kaswera, anayewasomea wasifu huu, alikuwa ameandika maneno makali mahali hapa. Ameyafuta, ingawa si kwa kupenda.

Jana Ijumaa, kwenye chumba cha maiti, Emérence akiwepo, Zacharie alidai haki yake ya kumvalisha mdogo wake. Mlinzi alimpa glavu za mpira, naye Zacharie akafunga barakoa, akaanza. Vidole vya marehemu vilikuwa vimekunjika tangu kiharusi. Kidole gumba kiliingia mahali pa kidole cha shahada, akavua, akaanza upya. Jasho lilimwingia machoni. Kisha pua yake ikaanza kuwasha, mikono yake iliyogusa maiti haiwezi kugusa uso, na akasimama pale akitikisa kichwa huku na huku. Hatimaye aligeuka.

"Emérence," alisema kwa sauti ndogo, "tafazali. Pua."

Emérence alimshushia barakoa na kumkuna. Zacharie alimgeukia mdogo wake.

"Lakini huyu mutu! Hata amekufa bado anafundisha!"

Akaivua ile glavu nyeupe kidole kwa kidole, akalia kwa sauti, naye si mtu wa kulia.

Marehemu ameacha mjane, Emérence, watoto wanne, Kaswera, Melchior, Nadège na Maliro, wajukuu sita, kaka yake Zacharie, na wanafunzi ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu.

Mkipita mbele ya jeneza mtaona mikono yake iko wazi. Ni makusudi. Apumzike kwa amani, na pua ikimuwasha, ajikune mwenyewe.