Mabeseni Sita ya Mzee Ditram

Leo, tarehe 30 Septemba 2025, Mzee Ditram Mbena anatimiza miaka thelathini na mmoja ya kazi katika Nyumba ya Wageni Mkwajuni, hapa Mikumi, na ndiyo siku yake ya kustaafu. Mimi Loveth wa mapokezi nimepewa heshima ya kuwasomea wasifu wake. Niliolewa mwezi uliopita na kila kitu bado kinanipendeza, hata kengele ya getini, lakini leo nawasomea kwa hofu. Sababu mtaisikia.

Mzee Ditram ni mzaliwa wa Vidunda. Alikuja mwaka 1994 kutengeneza milango. Marehemu mama wa Kiitaliano aliyeijenga nyumba hii alikuwa ameleta samani za kwao, zikarundikwa ovyo. Fundi wetu alizipindua moja moja, akasoma viungo na alama za randa, akamuuliza mama yule maswali mpaka akakimbiwa. Kisha akazipanga katika vyumba sita kwa umri wa samani zenyewe. Mgeni akitembea naye huvuka miaka mia tano kabla chai haijapoa.

Chumba cha kwanza ni enzi ya Renesansi, ya miaka mia tano iliyopita: makasha na viti vizito vya mbao za mjozi wa Ulaya, vimenyooka kama wazee wa kanisa. Cha pili ni mtindo uliofuata, Baroko, miguu iliyosokotwa na dhahabu kila kona. Cha tatu ni mtindo wa Rokoko wa Venisi, kila kitu kimepinda kwa madaha. Humo kuna kabati lililopambwa kwa picha za karatasi zilizokatwa, zikabandikwa na kupakwa vanishi tabaka kwa tabaka, mpaka utadhani zimechorwa. Katika cha nne watu walichoka kupinda, wakawaiga Warumi wa kale, miguu ikanyooka tena. Cha tano ni maua na mashina yanayotambaa kwenye mbao. Cha sita ni mabomba ya chuma na plastiki, na ndicho watoto wa wageni hukimbilia.

Kiti kimoja cha dhahabu kilisifiwa miaka mingi kuwa cha kale. Mzee alikipindua mbele ya mgeni msomi, akaonyesha alama za msumeno wa umeme. “Huyu ni mjukuu,” akasema. “Babu yake alibaki Italia.” Mgeni alicheka mpaka akakikalia.

Lakini kazi yake kubwa haionekani. Kiangazi cha Mikumi hukausha mbao za ugenini mpaka zinapasuka. Kwa hiyo kila Juni Mzee huweka beseni la maji nyuma ya samani katika kila chumba, ili hewa iwe na unyevu, na kulijaza kila asubuhi mpaka mvua zinyeshe. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuna ubao uliopasuka.

Mpaka Agosti.

Katika chumba cha kwanza lipo kasha la bibi harusi. Zamani kule Italia, kasha kama hilo lilibebwa mbele za watu, limejaa nguo, bibi harusi akipelekwa kwa mumewe. Mzee aliponisimulia, machozi ya furaha yalinitoka. Nikaomba nipigwe picha kando yake siku ya sendofu yangu, sherehe ya kuniaga. Wakati huo Mzee alikuwa Vidunda kwenye msiba, siku kumi, na mabeseni aliniachia mimi. Nikianza likizo nilitakiwa kumkabidhi Winnie wa usafi.

Mpiga picha alisema beseni linaonekana. Nikalitoa nje. Zabron, mchumba wangu wakati huo, akanishika mkono, na nawaambia kweli, sikukumbuka kitu kingine duniani. Sikumwambia Winnie neno. Nikaenda Kilosa kanisani, kisha fungate.

Mzee alirudi akakuta mfuniko wa kasha umepasuka mwanzo hadi mwisho. Meneja wetu, Mama Joyce, alipouliza, Mzee alijibu kwamba ni yeye aliyesahau kuagiza. Akapewa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwake, na ngao ya utumishi bora ikaondolewa kwenye ratiba ya leo.

Nilipomfuata karakana nikilia, hata shikamoo yangu haikumalizika. “Marahaba, bibi harusi. Futa machozi. Mimi naondoka, wewe ndiyo kwanza unaanza.” Akaupindua mfuniko wa kasha, uliokuwa mezani pake, akaushika ufa kwa vipande vitatu vya mbao za mninga, kwa ndani, wala hakuuziba. Alisema mvua zikija mbao zitavimba na ufa utajifunga wenyewe.

Nimenyamaza mwezi mzima, nikifurahi nyumbani na kuogopa kazini. Jana Zabron aliniambia hawezi kuzitazama picha zile, kwa kuwa sasa anajua zilimgharimu Mzee nini. Mimi pia siwezi.

Mama Joyce, haya unayasikia sasa pamoja na wenzangu. Barua ile naomba itoke kwenye jalada la Mzee Ditram na iingie kwenye langu. Litakalonipata nitalipokea. Kosa lilikuwa langu, na ngao ni yake.

Asante, Mzee wetu, kwa vyumba sita na kwa kunificha ingawa sikustahili. Leo asubuhi mabeseni yote nimeyajaza kwa mkono wangu, na Winnie ameshuhudia. Nenda salama Vidunda, kwenye ukungu wa milimani, ambako mbao haziombi maji. Upumzike vizuri, na usiangalie nyuma kwa wasiwasi: kesho asubuhi nitayajaza tena, kama bado nina kazi hapa. Kama sina, Winnie nimeshamwagiza.