Kiti cha Njano cha Bibi Nimesikia

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mwalimu wetu wa chekechea anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Watoto humwita Bibi Nimesikia. Jamani, hata kalamu imekuwa nzito.

Jina hilo lilitokana na kiti cha njano, kile kifupi kando ya kabati la vikombe. Mtoto aliyelemewa na jambo la nyumbani alikaa pale, akasema asichotaka na sababu yake. Mzazi aliyeitwa kumsikiliza alitakiwa kujibu neno moja tu: nimesikia. Kisha mtoto alitaja kazi atakayosaidia badala yake. Mmoja alikataa kulala kitanda kimoja na mdogo wake kwa kuwa anapiga mateke kama punda. Akajitolea kumfungia viatu kila asubuhi. Wazazi walikuja wamenuna, wakaondoka wakicheka.

Sisi wenzake tulikibeza kiti hicho. Mimi binafsi nilikipeleka stoo mara mbili, na mara zote mbili kilirudi. Naomba radhi.

Lakini kinyozi hajinyoi. Nyumbani kwa Mwalimu kiti hakikuwapo. Binti yake wa kwanza alipika, akafua, akalea wadogo zake wanne, wala hakuwahi kusema hapana. Mwalimu alijisifu hapa ofisini kwamba mwanawe hana neno, nasi tukampongeza. Laiti mmoja wetu angeuliza! Ndiyo maana mwaka huu Mwalimu alipanga kustaafia kwa binti huyo, akafunga na mizigo, bila kumuuliza.

Jumatatu binti alikuja kumsaidia kukusanya vitu vyake darasani. Akakiona kiti. Akakaa, mama mzima wa watoto wawili, magoti yakimgusa kidevu, akasema hataki mama yake ahamie kwake. Amelea watu tangu ana miaka tisa, amechoka.

Tulitazama sakafu. Mwalimu alishika meza. Lile neno lake, nimesikia, lilitoka na machozi. Ndipo binti akataja kazi yake: kila Jumamosi atakwenda kumsuka mama nywele, na wazungumze.

Ahsante, Mwalimu, kwa watoto wetu wote uliowasikia. Kiti hatutakuwa nacho tena. Binti yako alikibeba mwenyewe, akakipeleka nyumbani kwako. Tunakutakia Jumamosi nyingi.